Jicho, Shahidi wa Sikio

Shika ukurasa huu mbele yako, kichwa kikiwa kimetulia, kisha uutikise ukurasa upande hadi upande kwa haraka. Herufi zitachanganyika, na kusoma kutakushinda. Sasa utulize ukurasa, ukitikise kichwa kwa kasi ileile. Maneno yatasomeka. Katika majaribio yote mawili kichwa na maandishi vimepishana kwa kiasi kilekile, lakini matokeo hayalingani. Sababu ni kwamba mwilini kuna kiungo kinachotambua kuwa kichwa kimegeuka, nacho huyageuza macho upande wa pili, kwa kiasi kinachostahili, kabla mwenye macho hajafikiri lolote. Kiungo hicho kimo ndani ya sikio, wala hakina kazi katika kusikia.

Jambo hili, ambalo leo hufundishwa kwa wanafunzi wa udaktari katika kipindi kimoja, lilichukua zaidi ya miaka 100 kueleweka. Ugumu wake ulikuwa wa namna mbili. Kwanza, kiungo chenyewe ni kidogo na kimefichwa katika mfupa mgumu kuliko mifupa mingine ya kichwa. Pili, mtu haihisi kazi yake kama anavyohisi sauti au mwanga. Anaihisi pale tu inapoharibika, na wakati huo hisia yenyewe ni kizunguzungu, ambacho ni shahidi asiyeaminika. Kwa hiyo waliopiga hatua katika historia hii walikuwa, kwa sehemu kubwa, wale walioliamsha sikio kwa njia fulani, kisha wakayatazama macho.

Umbo la kiungo hicho lilijulikana mapema kuliko kazi yake. Gabriele Falloppio, mwalimu wa anatomia katika mji wa Padova nchini Italia, aliieleza mifereji ya sikio la ndani katika kitabu kilichotoka mwaka 1561. Mwaka 1789 Mwitaliano mwingine, Antonio Scarpa, alionyesha kwamba ndani ya mifereji ile ya mfupa mna mifereji mingine ya utando, na kwamba ndani ya utando huo mna ugiligili. Kila sikio lina mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, na kila mmoja umekaa karibu kwa pembe mraba na wenzake. Kwa kuwa imo ndani ya sikio, wataalamu walidhani kwamba ni sehemu ya kusikia. Baadhi yao walisema kwamba mifereji mitatu katika pande tatu humsaidia mtu kujua sauti inatoka upande gani. Dhana hiyo ilikuwa ya busara, ila hakuna aliyeijaribu.

Wakati huohuo, mbali na meza za anatomia, watu wengine walikuwa wakichunguza kizunguzungu bila kulifikiria sikio kabisa. William Charles Wells, daktari aliyezaliwa Charleston katika Carolina Kusini na kufanya kazi London, alichapisha mwaka 1792 kitabu kuhusu kuona kwa macho mawili. Ndani yake alieleza jaribio rahisi. Mtu akiutazama mwanga mkali kwa muda, alama ya mwanga ule hubaki machoni mwake hata anapotazama kwingine, na kwa kuwa alama hiyo imekaa ndani ya jicho, hutembea pamoja nalo. Wells alijitia alama hiyo, akajizungusha alipokuwa amesimama, kisha akasimama ghafla. Aliona kwamba alama inateleza polepole kuelekea upande mmoja, inaruka kwa haraka kurudi, kisha inateleza tena. Akahitimisha kwamba macho yake yenyewe yalikuwa yakitembea bila ridhaa yake.

Hitimisho hilo halikupokelewa na wote. Erasmus Darwin, daktari na mshairi aliyekuwa babu wa Charles Darwin, alikuwa na maelezo yake kuhusu kizunguzungu, na hakukubali kwamba macho hutembea. Wells alimjibu kwa kurudia majaribio na kuyaeleza kwa undani zaidi. Leo tunajua kwamba Wells alikuwa sahihi: mwendo ule wa kuteleza polepole na kuruka upesi ndio madaktari wanaouita nistagmasi. Hata hivyo, aliyeshinda kwa ushahidi hakuwa na sababu ya kutoa. Wells alijua kwamba macho hutembea, lakini hakujua ni nini kinachoyatembeza.

Swali hilo lilichukuliwa na Jan Purkinje, mtaalamu kutoka Bohemia ambaye mwaka 1820 aliandika huko Praha kuhusu kizunguzungu. Purkinje alijizungusha, akawachunguza watu waliopanda pembea za kuzunguka, na hata akapitisha umeme wa betri katika masikio. Ugunduzi wake mkubwa ulikuwa huu: upande ambao ulimwengu huonekana kuzungukia hutegemea jinsi kichwa kilivyokaa wakati wa mzunguko. Aliyezungushwa akiwa ameinamisha kichwa begani, kisha akakiinua baada ya kusimama, huona vitu vikizunguka katika mhimili unaomfuata kichwani. Kizunguzungu, basi, kimefungamana na kichwa, wala si na mwili mzima au tumbo. Purkinje alikuwa amefika mlangoni, lakini aliingia chumba kingine: alisema kwamba ubongo, kwa ulaini wake, hubaki nyuma fuvu linapozunguka, na kwamba mvutano huo huisumbua sehemu yake ya nyuma. Sikio hakulitaja kuwa chanzo.

Katika muongo uleule, mjini Paris, Pierre Flourens alikuwa akifanya kazi ya namna tofauti. Alitaka kujua kila sehemu ya kichwa ina kazi gani, na njia yake ilikuwa kukata sehemu moja na kutazama kinachopotea. Alipoikata mifereji ya nusu duara ya njiwa, alitarajia ndege wawe viziwi. Hawakuwa viziwi. Badala yake walianza kutikisa vichwa na kushindwa kusimama au kuruka sawasawa. Na zaidi ya hapo, mwelekeo wa mtikisiko ulifuata mfereji uliokatwa: ukikatwa ule uliolala, kichwa kilikwenda kulia na kushoto, ukikatwa uliosimama, kichwa kilikwenda juu na chini.

Msomaji wa leo huona jibu hapo hapo, lakini Flourens hakuliona, na kuna sababu. Katika zama zake elimu ya fahamu ilihesabu milango mitano, na hapakuwa na nafasi ya mlango wa sita. Yeye aliifasiri mifereji kama chanzo cha nguvu zinazozuia na kupima miendo ya mwili; hakuiona kuwa chombo cha kuhisi. Ndiyo maana matokeo yake na yale ya Purkinje yalikaa katika vitabu tofauti kwa miongo minne bila kukutanishwa. Mmoja alikuwa na macho bila sikio, na mwingine alikuwa na sikio bila maelezo.

Aliyeanza kuyakaribisha mambo haya mawili alikuwa daktari wa wagonjwa. Prosper Ménière aliongoza taasisi ya viziwi mjini Paris, na kwa miaka mingi aliwaona watu waliopatwa na kizunguzungu kikali, kutapika, mvumo sikioni, na baadaye upungufu wa kusikia. Madaktari wa wakati huo waliuhesabu ugonjwa huo kuwa msongamano wa damu ubongoni, jamaa wa kiharusi, na tiba yao ilikuwa kumtoa mgonjwa damu. Januari 1861 Ménière aliliambia baraza la chuo cha tiba cha Ufaransa kwamba chanzo ni sikio la ndani, na katika hoja zake aliyaleta majaribio ya Flourens. Alifariki mwaka uliofuata, kabla ya kuona hoja yake ikikubaliwa. Lakini kuanzia hapo swali halikuwa tena kama sikio linahusika. Swali lilikuwa linahusika vipi.

Jibu la kwanza lilitoka kwa Friedrich Goltz, Mjerumani aliyeandika mwaka 1870 kwamba mifereji ile ni chombo cha fahamu, kinachohisi jinsi kichwa kilivyokaa. Miaka mitatu hivi baadaye, watu watatu wasiofanya kazi pamoja walifika mahali pamoja karibu kwa wakati mmoja. Ernst Mach alikuwa mwanafizikia wa Praha; Josef Breuer alikuwa tabibu wa kawaida huko Vienna, aliyefanya utafiti nje ya saa za kuwahudumia wagonjwa, na ambaye baadaye angefahamika zaidi kwa kuandika na Sigmund Freud; na Alexander Crum Brown alikuwa mwalimu wa kemia Edinburgh. Kati ya 1873 na 1875 wote watatu walitangaza kwamba mifereji ya nusu duara huhisi mzunguko wa kichwa.

Hoja yao ilisimama juu ya kanuni ya fizikia. Izungushe ghafla sufuria yenye maji: sufuria huanza kuzunguka na maji hubaki nyuma, endelea kuizungusha, na baada ya muda maji huifuata, isimamishe, na maji huendelea kuzunguka yenyewe. Ugiligili wa sikio hufanya vivyo hivyo. Kichwa kinapoanza kugeuka, ugiligili huchelewa na kuusukuma mlango mwororo uliomo mwishoni mwa mfereji. Mzunguko ukiendelea kwa kasi isiyobadilika, mlango hurudi mahali pake, na mtu hahisi tena kwamba anazunguka. Mzunguko ukikoma, ugiligili husukuma kinyume, na mtu aliyesimama imara huona dunia ikimzunguka. Mach aliyathibitisha haya kwa kiti kilichofungwa katika fremu ya mbao, mtu akizungushwa akiwa amefunikwa kwa sanduku la karatasi ili asione kitu. Na maelezo haya yakajibu lile swali la Wells: macho huteleza kwa sababu mifereji huuambia ubongo kwamba kichwa kinageuka, hata kama kimeshatulia.

Hapa pia palikuwa na hitilafu kati ya wakubwa. Breuer alifikiri kwanza kwamba ugiligili hutiririka. Mach aliona mfereji ni mwembamba mno kwa mtiririko, akasema ni msukumo tu. Mabishano hayo hayangeweza kuamuliwa kwa hoja, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuona mlango ule ukisogea. Yalingoja hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati Wilhelm Steinhausen, huko Ujerumani, alipoutia wino mfereji wa samaki aliye hai na kuutazama mlango wake ukiinama na kurudi. Mwendo wenyewe ni mdogo sana, hivyo kila upande ulikuwa na sehemu ya haki.

Katika kungoja huko, ushahidi mwingine ulikuja kutoka Marekani. Mwaka 1882 William James wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha matokeo ya uchunguzi wa viziwi 519 waliozungushwa. Kati yao 186 hawakupata kizunguzungu hata kidogo, na 134 walipata kidogo tu. Wanafunzi wa Harvard na wengine wenye kusikia, wapatao 200, walipozungushwa vilevile, karibu wote walizungukwa na dunia. Kama kizunguzungu kingekuwa ulaini wa ubongo, kama alivyodhani Purkinje, viziwi nao wangekipata. Magonjwa yaliyoua usikivu wao yalikuwa yameua na mifereji.

Wakati huohuo njia kutoka sikioni hadi machoni ilianza kuchorwa. Endre Högyes wa Hungaria, mwanzoni mwa miaka ya 1880, alionyesha kwa sungura kwamba miendo ya macho inayoletwa na sikio hupitia neva na shina la ubongo, bila kuhitaji ubongo wa juu wenye kufikiri. Kwa maneno mengine, ni mwitikio usiosubiri uamuzi. Naye Richard Ewald huko Strasbourg alitengeneza kifaa kidogo cha kusukuma ugiligili ndani ya mfereji mmoja wa njiwa, kuelekea mbele au nyuma apendavyo. Mwaka 1892 alieleza kwamba macho na kichwa hufuata ubapa wa mfereji uliosukumwa, na kwamba katika mfereji uliolala, msukumo wa upande mmoja huwa na nguvu kuliko wa upande wa pili. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kusema mapema: nikiligusa sikio hapa, jicho litakwenda kule.

Hata hivyo, kazi ya Ewald ilihitaji kumpasua njiwa. Binadamu hakuweza kuchunguzwa namna hiyo, na kumzungusha mtu huyaamsha masikio yote mawili kwa pamoja, kwa hiyo haikuonyesha ni lipi bovu. Aliyetatua tatizo hili alikuwa Robert Bárány, aliyezaliwa Vienna mwaka 1876 na kufanya kazi katika kliniki ya masikio ya Adam Politzer. Sehemu ya kazi yake ya kila siku ilikuwa kuosha masikio ya wagonjwa kwa bomba la maji, na baadhi yao walilalamika kwamba wanasikia kizunguzungu. Jambo hilo halikuwa geni: Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius, alikuwa ameandika miongo kadhaa kabla kwamba maji baridi sikioni huleta kizunguzungu. Bárány aliongeza desturi ya kuyatazama macho ya kila mgonjwa, akaona nistagmasi. Mgonjwa mmoja alimwambia kwamba kizunguzungu humjia maji yakiwa ya baridi. Baadaye maji yakawa ya moto kupita kiasi, na macho ya mgonjwa yakaruka tena, lakini safari hii kuelekea upande wa pili.

Bárány alitafuta sababu, akaikumbuka tangi ya kupashia maji ya kuogea, ambamo maji ya moto hupanda juu na ya baridi hushuka. Joto la maji yaliyotiwa katika tundu la sikio hupenya mfupa na kuupasha upande mmoja wa mfereji. Ugiligili wa upande huo huwa mwepesi, hupanda, na kuusukuma mlango kana kwamba kichwa kinageuka. Maji baridi hufanya kinyume. Kama maelezo haya ni kweli, alisema, basi kukigeuza kichwa juu chini kungegeuza pia upande wa nistagmasi. Alijaribu, ikawa hivyo. Mwaka 1906 alichapisha kazi yake, na tangu hapo daktari akaweza kuliuliza sikio moja bila kuligusa la pili. Sikio lililokufa halijibu. Macho hubaki kimya.

Historia ya mtu huyu iliingia katika historia ya dunia. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alijiunga na jeshi la Austria kama daktari, akawa katika ngome ya Przemyśl. Ngome hiyo iliangukia mikononi mwa Warusi Machi 1915, na Bárány akapelekwa mateka hadi Merv, katika nchi ambayo leo ni Turkmenistan. Alikuwa huko alipopewa Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1914. Aliachiliwa mwaka 1916 baada ya Mwanamfalme Carl wa Uswidi kuingilia kati kupitia Msalaba Mwekundu, na Septemba ya mwaka huo alitoa mhadhara wake Stockholm. Aliporudi Vienna alikuta baadhi ya wenzake wakimlaumu kwamba hakuwatambua vya kutosha waliomtangulia. Alihamia Uppsala, Uswidi, na huko ndiko alikofia mwaka 1936.

Uppsala ikawa kiungo cha hatua iliyofuata, kwani ndiko alikofanya kazi pamoja naye kijana wa Kihispania, Rafael Lorente de Nó. Mwaka 1933, baada ya kuhamia Marekani, Lorente de Nó alichapisha maelezo ya njia fupi ya neva kutoka sikio hadi jicho. Njia hiyo ina hatua tatu tu: seli moja hutoka sikioni hadi shina la ubongo, ya pili huvuka hadi kituo cha misuli ya macho, na ya tatu hufika kwenye msuli wenyewe. Ufupi huo ndio unaoeleza jaribio la ukurasa. Ujumbe wa sikio huyafikia macho ndani ya takriban sehemu moja ya mia ya sekunde, lakini jicho linalofuata kitu kwa kukitazama huhitaji karibu mara kumi ya muda huo. Mwaka 1950 János Szentágothai wa Hungaria aliongeza kwamba kila mfereji una jozi yake ya misuli ya macho, hivyo mpangilio wa sikio umeakisiwa katika mpangilio wa jicho.

Ilibaki kueleza kwa nini ugonjwa wa sikio moja huleta ghasia kubwa kiasi kile. Jibu lilithibitishwa mwaka 1971, wakati Jay Goldberg na César Fernández wa Chicago walipopima neva za mifereji ya nyani. Walikuta kwamba kila uzi wa neva hutuma ishara zipatazo 90 kwa sekunde hata kichwa kinapokuwa kimetulia. Kichwa kikigeukia kulia, ishara za kulia huongezeka na za kushoto hupungua, na ubongo husoma tofauti. Basi sikio la kushoto likinyamaza kwa ugonjwa, la kulia hubaki likituma ishara zake za kawaida, na ubongo huzisoma kama mgeuko usiokoma. Macho hutii kosa hilo, na mgonjwa huiona nyumba nzima ikizunguka.

Lakini masikio yote mawili yakinyamaza pamoja, kizunguzungu hakina nguvu hiyo. Kinachopotea ni utulivu wa kuona. Ulimwengu ulijifunza hili kwa gharama. Streptomisini, iliyogunduliwa mwaka 1943, ilikuwa dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya kifua kikuu, nayo ilitumika kwa miongo mingi, Afrika Mashariki ikiwemo. Kwa baadhi ya wagonjwa, sindano zake ziliharibu seli za mifereji. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Marekani, aliyepatwa na madhara hayo, aliandika katika jarida la kitabibu jinsi maisha yalivyo bila mifereji: barabarani hakuweza kusoma vibao bila kusimama, na kitandani hata mapigo ya moyo wake yalitosha kuzitikisa herufi za kitabu, hadi alipoegemeza kichwa kwenye vyuma vya kitanda.

Mwili, hata hivyo, una uwezo wa kurekebisha. Mtu anayeanza kuvaa miwani mikali huhisi vitu vikiyumba anapogeuka, kisha baada ya siku chache hali hiyo hupotea, kwa sababu lenzi zimebadilisha kiasi ambacho macho yanapaswa kugeuka na ubongo umejipima upya. Huko Montreal, Geoffrey Melvill Jones na mwenzake Gonshor waliwavisha watu miwani inayogeuza kulia kuwa kushoto. Matokeo waliyochapisha mwaka 1976 yalionyesha kwamba mwitikio ulipungua siku hadi siku, na mwishowe ukaanza kwenda kinyume. Masao Ito wa Japani alikuwa ameshapendekeza kwamba somo hilo huandikwa katika ubongo mdogo wa nyuma, na kwa njia hiyo mwitikio uliodhaniwa kuwa wa kudumu ukawa mahali pa kuchunguzia jinsi ubongo unavyojifunza.

Wakati huo maelezo ya Bárány yalikuwa yamekaa vitabuni kwa miaka 70 karibu bila kutikiswa. Yalikuwa na sharti moja: maji ya moto hupanda kwa sababu kuna uvutano. Pasipo uzito hakuna kupanda wala kushuka, na macho yasingepaswa kusogea. Novemba 1983 maabara ya Spacelab ilirushwa kuizunguka dunia, na wanaanga walipashwa masikio humo. Macho yao yaliruka, na upande ulikuwa uleule wa duniani.

Wengine waliharakisha kusema kwamba Bárány alikosea. Kauli hiyo inazidi ushahidi. Hapa duniani mtu akilala kifudifudi badala ya chali, upande wa nistagmasi hugeuka, na hakuna maelezo yanayolifafanua hilo vizuri kuliko kupanda na kushuka kwa ugiligili. Lakini nguvu ya nistagmasi katika mikao hiyo miwili hailingani: mtu akiwa chali huwa kubwa zaidi. Kutolingana huko kulikuwa kumeonekana hata kabla ya safari ile, kukiashiria kwamba kuna sababu ya pili isiyojali mkao. Wengine husema joto huutanua ugiligili na kuusukuma mlango; wengine husema joto huichochea neva yenyewe. Hukumu ya haki ni kwamba Bárány aliiona sababu kubwa, si sababu pekee, na kipimo chake hakikupungukiwa kitu kwa hilo.

Jambo kama hilo lilitokea tena mwaka 2011. Wafanyakazi wa mashine zenye sumaku kali za kupiga picha za ubongo walikuwa wamezoea kusema kwamba huhisi kizunguzungu wakiingia ndani. Dale Roberts na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliwalaza watu wenye afya ndani ya mashine hizo, gizani, wakaona macho yao yakifanya nistagmasi muda wote waliokuwa humo. Watu waliopoteza mifereji ya masikio yote mawili hawakuonyesha chochote. Maelezo yao ni kwamba sumaku huzisukuma chembe zenye chaji za umeme zinazotembea katika ugiligili, nao ugiligili huusukuma mlango. Hata hapa, hisia ilitoa malalamiko tu. Macho ndiyo yaliyotoa upande, kiasi na chanzo.

Matumizi makubwa ya elimu hii leo yako kando ya kitanda cha mgonjwa. Mwaka 1988 Michael Halmagyi na Ian Curthoys wa Sydney walieleza kipimo kinachohitaji mikono miwili tu. Mgonjwa huikazia macho pua ya daktari, naye daktari hukigeuza kichwa cha mgonjwa ghafla, kwa kiasi kidogo. Sikio likiwa zima, macho hubaki puani. Sikio likiwa limekufa, macho huchukuliwa na kichwa, kisha huruka kurudi, na mruko huo huonekana.

Mwaka 2009 Jorge Kattah na wenzake nchini Marekani walikiunganisha kipimo hicho na vingine viwili vya macho, wakawapima watu waliofika hospitali na kizunguzungu kikali kisichokoma. Ugumu wa wagonjwa hawa ni kwamba wengi wana ugonjwa wa neva ya sikio, ambao hupungua wenyewe, na wachache wana kiharusi cha nyuma ya ubongo, ambacho kinaweza kuua. Ilionekana kwamba katika siku mbili za kwanza macho yaliyotazamwa na mtaalamu yalikitambua kiharusi vizuri zaidi kuliko picha za mashine ya sumaku. Na hapa mantiki hugeuka: kwa mgonjwa wa namna hii, kipimo cha kichwa kinachoonyesha kasoro hutuliza, kwani kosa liko sikioni; kinachoonekana kizima ndicho cha kutia hofu, kwani sikio likiwa halina kosa, kosa liko ubongoni.

Kanuni hiyo haimhusu kila anayesema anasikia kizunguzungu. Inamhusu yule tu ambaye kizunguzungu chake kinaendelea na macho yake yanaruka wakati anapochunguzwa. Katika mikono isiyofunzwa inaweza kupotosha. Lakini kwa hospitali ya wilaya iliyo mamia ya kilomita kutoka mashine ya picha za ubongo, iwe Tanzania, Kongo au kwingineko, thamani yake iko wazi. Haihitaji umeme wala vifaa. Inahitaji tabibu aliyefundishwa cha kutazama machoni, na anayejua ni lipi kati ya aliyoyaona linamruhusu kumrudisha mgonjwa nyumbani.